Bunduki ya upepo katika mpaka wa Kasese: chombo cha michezo au silaha?

Mwananchi akitokea usiku katika njia ya Nyakalengija, mtutu umelala begani na darubini juu yake, askari wa doria hana nafasi ya kumwuliza kwanza kama risasi ya chombo kile husukumwa kwa baruti au kwa upepo. Anachokiona ni bunduki. Na katika wilaya ya Kasese, kutoka ukingo wa Mto Mubuku hadi kituo cha mpakani cha Mpondwe karibu na Bwera, bunduki iliyo mikononi mwa mtu asiyejulikana ina maana moja tu katika fikira za mlinzi wa usalama, na maana hiyo wakazi wa huko wameijua kwa misiba. Ndiyo sababu suala la bunduki za upepo, hasa zile za kisasa ambazo hushindiliwa hewa kabla ya kutumika, halifai kuachiwa wapenda michezo na wafanya biashara peke yao. Yafaa lizungumzwe pia katika kambi na katika vituo vya polisi.

Bunduki ya upepo si kitu kigeni katika Afrika ya Mashariki. Tangu siku za wakoloni watu waliijua ile ya kukunja: mtutu hukunjwa kwenda chini, springi iliyo ndani hujikaza, na kifyatuo kikivutwa springi huachia na kuisukuma hewa kidogo iliyo mbele yake. Vijana waliitumia kwa kupiga njiwa na kunguru. Wengi wetu tulipata picha yetu ya bunduki ya upepo kutokana na chombo hicho, na ndiyo maana hata leo ofisa akiambiwa kwamba mtu fulani anamiliki bunduki ya upepo, huenda akatabasamu na kuendelea na kazi zake.

Hii ya sasa ni ndugu yake kwa jina tu. Chini ya mtutu wake, au ndani ya kitako, umo mtungi wa chuma au wa nyuzi za kaboni uliojazwa hewa ya kawaida, hewa hii tuivutayo puani, lakini imeshindiliwa kwa nguvu kubwa mno. Gurudumu la gari dogo hujazwa hewa ya baa 2 na kitu. Mtungi wa bunduki hii hujazwa baa 200, na aina nyingine hufika 300. Hewa hiyo huingizwa kwa pampu ya mkono iliyotengenezwa mahsusi, au kwa kompresa ndogo inayoendeshwa na betri ya gari, au kutoka katika mtungi mkubwa kama ule wa wapiga mbizi. Mpigaji akivuta kifyatuo, nyundo hugonga valvu, valvu hufunguka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na kipimo kidogo cha hewa hutoka nyuma ya punje ya risasi na kuirusha. Mtungi mmoja huweza kutoa milipuo ishirini, thelathini, hata zaidi ya hamsini, kwa kutegemea ukubwa wake na nguvu inayotakiwa. Kwa kuwa hakuna springi inayoruka wala baruti inayolipuka, bunduki haimsukumi mpigaji begani. Hulenga kwa utulivu ambao askari aliyezoea bunduki ya vita atauona kama ajabu.

Nguvu yake ni ngapi? Hapa ndipo watu wanapopotoka, wengine kwa kuidharau na wengine kwa kuiogopa kupita kiasi. Risasi ya bunduki aina ya AK, yenye uzito wa karibu gramu 8 na mwendo wa zaidi ya mita 700 kwa sekunde, hutoka mtutuni na nguvu ya takriban jouli 2,000. Bunduki ya upepo ya mashindano ya Olimpiki, ile ya mtutu wa milimita 4.5, hurusha punje yenye nguvu ya jouli 7 au 8 tu. Bunduki ya kuwindia ndege na sungura ya milimita 5.5, punje ya gramu 1 ikienda mita 280 kwa sekunde, ina jouli kama 40. Hiyo haipenyi ukuta, lakini hupenya fuvu la kichwa cha mtoto, na huko Uingereza watoto wamekufa kwa bunduki dhaifu kuliko hiyo. Isitoshe, mambo hayakuishia hapo. Sasa zipo bunduki za upepo zenye mitutu ya milimita 9 na zaidi, ambazo huko Marekani hutumika kuwindia paa wakubwa na nguruwe mwitu, na baadhi yake hutoa zaidi ya jouli 500. Bastola ya kawaida ya polisi ya milimita 9 hutoa karibu kiasi hicho hicho. Mtu anayesema kwamba chombo chenye nguvu ya bastola ni mchezo wa watoto kwa sababu tu hakitoi moshi, amekosa kufikiri.

Wanajeshi waidharauo hewa wakumbuke pia historia ya jeshi la Austria. Mwaka 1780 jeshi hilo lilipokea bunduki ya upepo iliyobuniwa na fundi Bartolomeo Girardoni. Kitako chake kilikuwa ndicho mtungi wa hewa, nayo ilibeba risasi zipatazo ishirini ambazo mpiganaji aliweza kuzipiga moja baada ya nyingine, wakati ambapo askari wa majeshi mengine alisimama wima baada ya kila mlipuo akishindilia baruti na risasi kwa mdeki. Haikutoa moshi wa kumfichua aliyejificha, na mvua haikuweza kulowesha baruti ambayo haikuwako. Kufika mwaka 1815 ilikuwa imekwisha ondolewa jeshini. Haikuondolewa kwa kukosa shabaha. Iliondolewa kwa sababu kuujaza mtungi mmoja kulihitaji kupiga pampu zaidi ya mara elfu moja, ngozi za kuzibia hewa zilivuja, mitungi ilikuwa migumu kutengenezwa, na askari wa kawaida hakufundishwa vya kutosha kuitunza. Bunduki ya namna hiyo ndiyo iliyobebwa na wapelelezi Lewis na Clark walipovuka bara la Amerika kati ya mwaka 1804 na 1806, wakiwaonyesha wenyeji wa huko ili wastaajabu. Yaani ilikuwa silaha nzuri yenye matunzo mabaya. Udhaifu huo wa matunzo haujaisha hadi leo, na katika nchi ya milima kama Rwenzori hujitokeza upesi.

Chukua mahali penyewe. Nyakalengija iko kwenye mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori, karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo wapanda milima na wapagazi wao huanza safari ya kuelekea kilele cha Margherita chenye urefu wa mita 5,109. Bonde hilo la Mubuku ndilo lililopitwa na mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, mwaka 1906, alipokuwa mtu wa kwanza kukifikia kilele hicho. Sasa hewa ya Nyakalengija ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban moja ya sita, na juu ya mita 4,500, kwenye mawe na barafu, imebaki zaidi kidogo ya nusu. Apigaye pampu ya mkono huko juu huvuta hewa kidogo katika kila mpigo, kwa hiyo mtungi uleule unamtaka apige mara nyingi zaidi, na yeye mwenyewe pumzi zimekwisha. Tena hewa ya Rwenzori imejaa unyevu karibu mwaka mzima. Unyevu huo ukishindiliwa hugeuka maji ndani ya mtungi, maji hula chuma, na mtungi wa baa 200 ulioliwa na kutu kwa ndani ni bomu ambalo mwenyewe hulikumbatia shavuni kila anapolenga.

Kinyume chake huko chini. Kutoka Kasese mjini kwenda Kikorongo na kukata magharibi kuelekea Bwera, barabara hupita katika bonde la ufa lenye joto kali, ikikatiza Hifadhi ya Queen Elizabeth. Mtungi uliojazwa baa 200 asubuhi ya baridi ya nyuzi 20 huzidi baa 213 ukiachwa ndani ya gari lenye joto la nyuzi 40. Uliojazwa 300 huzidi 320. Mafundi wazuri huacha nafasi ya usalama, lakini vifaa vya bei nafuu vinavyouzwa siku hizi kwa simu si vyote vilivyopita mikononi mwa mafundi wazuri. Na kuna kosa moja ambalo haliwezi kusamehewa: kuujaza mtungi wa bunduki kwa oksijeni ya hospitali au ya mafundi wa kuchomea vyuma. Oksijeni iliyoshindiliwa ikikutana na mafuta au grisi hulipuka bila kiberiti. Katika sehemu zilizo mbali na maduka ya vifaa vya kupigia mbizi, huo ni mshawishi mkubwa, na askari anayekuta mtungi wa oksijeni pamoja na bunduki ya upepo katika nyumba moja amekuta hatari mbili.

Haya yote yangekuwa maarifa ya karakana tu kama eneo lenyewe lisingekuwa Kasese. Watu wa huko walipata kujua mapema nguvu ya mtutu na nguvu ya kuukosa. Harakati za Rwenzururu zilizoanza mwaka 1962 zilianza kwa mikuki, na zilipokoma mwaka 1982 viongozi wake walishuka kutoka milimani na kusalimisha silaha. Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walivuka mpaka na kuishambulia Mpondwe, na kwa miaka kadhaa vita vile vilifunga milango ya hifadhi ya Rwenzori. Mwaka 1999 hifadhi hiyo, ambayo Umoja wa Mataifa kwa shirika lake la UNESCO uliitambua kuwa urithi wa dunia mwaka 1994, iliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, ikakaa humo hadi mwaka 2004. Wapagazi na viongozi wa misafara wa Nyakalengija walikaa bila kazi. Tarehe 5 Julai 2014 makundi ya watu walioshika mapanga na mikuki yalivamia vituo vya polisi na kambi katika wilaya za Kasese, Bundibugyo na Ntoroko, na wengi wa wavamizi walitafuta bunduki zilizokuwa ndani. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 wauaji waliingia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, na kuwaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Miezi minne baadaye, tarehe 17 Oktoba 2023, watalii wawili na kiongozi wao Mganda waliuawa ndani ya Queen Elizabeth.

Askari anayelinda barabara hiyo anabeba kumbukumbu hizo. Hatuwezi kumtaka azisahau, wala si vema azisahau. Lakini ni wajibu wetu kumkumbusha jambo la pili: ng'ambo ya mpaka na ng'ambo hii wanaishi watu wa ukoo mmoja, Wakonzo huku na Wanande kule, na siku za soko huko Mpondwe huvuka kwa maelfu wakiwa na mizigo. Katika mizigo hiyo bunduki ya upepo hupita kwa urahisi kuliko silaha yoyote, kwa sababu hufunguliwa vipande. Mtungi hufanana na kizima moto kidogo, pampu hufanana na ya baiskeli iliyo nene, na kopo la punje hufanana na kopo la dawa. Mpekuzi asiyejua anachokitafuta hatakiona.

Je, sheria inasemaje? Yafaa askari waelewe kwamba duniani ipo mikondo miwili ya kuieleza silaha, na yote miwili hukutana Kasese.

Mkondo wa kwanza hutazama kinachoisukuma risasi. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu utengenezaji na biashara haramu ya silaha, na Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004 iliyotiwa sahihi na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Uganda na Kongo zikiwamo, zinaieleza silaha ya moto kuwa ni chombo chenye mtutu kinachorusha risasi kwa nguvu ya kilipukaji. Sheria kuu ya Marekani ya mwaka 1968 nayo husema vivyo hivyo, na ndiyo maana huko bunduki ya upepo ya jouli 500 huweza kuagizwa kwa posta katika majimbo mengi. Hewa iliyoshindiliwa si kilipukaji. Basi kwa lugha ya itifaki hizo, bunduki ya upepo, hata iwe na nguvu ya bastola, imepita katikati ya matundu ya wavu. Wala hatuwalaumu waliozitunga: mwaka 2004 macho yao yalitazama mamia ya maelfu ya bunduki za vita zilizokuwa zikizunguka kutoka Somalia hadi Kivu, na kila mwenye kuzima moto huanza na ule ulio mkubwa.

Mkondo wa pili ni wa Kiingereza. Huo hauulizi kinachosukuma; huuliza kama mtutu unaweza kurusha kitu cha kuua. Kwa hiyo huko Uingereza bunduki ya upepo huhesabiwa kwa nguvu zake: ikizidi jouli 16 mwenyewe lazima awe na cheti cha silaha kama mwenye bunduki ya baruti. Scotland ilikwenda mbali zaidi. Tangu tarehe 31 Desemba 2016 karibu kila bunduki ya upepo, hata dhaifu, huhitaji leseni ya polisi. Ujerumani huweka mpaka wake kwenye jouli 7.5. Sheria ya Silaha za Moto ya Uganda, iliyotungwa mwaka 1970, ni ya ukoo huo wa Kiingereza, na kibali hutoka kwa polisi. Kutokana na hayo, mtu anayesimama kizuizini na kudai kwamba chombo chake hakihitaji karatasi yoyote kwa kuwa hakina baruti, anatumia hoja ya Marekani katika ardhi ya Uganda. Anayetaka kuingiza bunduki ya namna hiyo, awe raia au mgeni, hana budi kwenda polisi kwanza na kupata jibu kwa maandishi kabla hajaifikisha mpakani.

Kwa maoni yetu haitoshi. Ingefaa nchi zilizotia sahihi Itifaki ya Nairobi zikae tena na kuandika bayana kiwango cha jouli ambacho kuanzia hapo bunduki ya upepo itatiwa alama, itaandikishwa na kuhesabiwa kama silaha nyingine. Kuipiga marufuku kabisa si busara. Marufuku ambayo haiwezi kusimamiwa hufundisha watu dharau kwa sheria nyingine. Lakini kuiacha bila kiwango ni kumwachia askari wa kizuizini kazi ya kutunga sheria usiku, kwa tochi, kidole kikiwa kwenye kifyatuo.

Wako watakaosema kwamba mkulima anaihitaji. Hoja hii si nyepesi. Kando ya hifadhi zote mbili, na hata katika mashamba ya umwagiliaji ya Mubuku, nyani, ngedere na nguruwe mwitu hula mahindi ya mtu kwa siku moja na kumwacha na njaa ya msimu. Serikali yenyewe imewahesabu wanyama hao watatu kuwa waharibifu, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 iliweka mpango wa kufidia hasara na maafa yanayoletwa na wanyama wa hifadhi. Hata hivyo sheria hiyohiyo humkataza mtu kuwinda mnyama wa pori bila kibali, wala haiulizi kama alitumia mtego, mkuki, gobore au upepo. Na bunduki ya upepo ina kishawishi chake kwa mwindaji haramu. Punje yake ikienda chini ya mwendo wa sauti, yaani mita 340 kwa sekunde, haitoi ule mlio mkali wa kupasua hewa; na wengi wa watengenezaji huipachika kiwambo cha sauti tangu kiwandani. Askari wa hifadhi, ambaye kwa miaka mingi amewafuata wawindaji kwa kusikiliza mlio wa gobore, hatasikia kitu. Pimbi, mbega na ndege wa Rwenzori wanaweza kupunguzwa mmoja mmoja bila hata mbwa kubweka.

Ipo hata hivyo bunduki ya upepo moja ambayo askari wa Kasese hana budi kuiheshimu, nayo ni ile ya madaktari wa wanyama wa Mamlaka ya Wanyamapori. Hiyo hurusha sindano ya dawa ya usingizi kwa hewa au gesi iliyoshindiliwa, kwa nguvu ndogo inayopimwa kulingana na umbali. Nguvu ikizidi, sindano huvunja mfupa wa mnyama badala ya kumlaza. Kwa chombo hicho simba huvishwa mikanda ya redio na tembo hutolewa nyaya za mitego miguuni. Mwaka 2018 simba 11 walikufa kwa sumu karibu na kijiji cha wavuvi cha Hamukungu. Kila simba aliyebaki Queen Elizabeth ni hesabu ya taifa, na daktari aliyeshika bunduki ile yuko kazini kama wewe. Sindano zake zisiguswe kamwe kwa mikono mitupu. Dawa iwezayo kumlaza tembo huua mtu kwa tone.

Tuje katika upelelezi. Polisi wetu wamefundishwa kutafuta ganda la risasi, harufu ya baruti, na masizi katika mikono ya mshukiwa. Mwaka 2018, baada ya mauaji yaliyoitikisa nchi, Uganda ilianza kuchukua alama za bunduki zote ili ganda lililookotwa liweze kusema limetoka mtutu gani. Bunduki ya upepo haiachi ganda, haiachi masizi wala harufu. Kinachobaki ni punje laini ya risasi iliyopondeka, na mara nyingi haina umbo la kutosha kulinganishwa. Kwa hiyo mpelelezi lazima abadili maswali. Tundu dogo lisilo na ukingo wa kuungua, ambalo mashahidi wote hawakusikia mlio, lisiharakishwe kuitwa tundu la msumari au la chuma kilichochongwa. Daktari aombwe kupiga picha ya eksirei kabla ya jeraha kusafishwa. Nyumbani kwa mshukiwa zitafutwe pampu, vipimo vya hewa, mipira ya kuzibia na makopo ya punje, maana mwenye kuificha bunduki aghalabu husahau vifaa vyake. Kumbukumbu za kununua zitafutwe katika simu.

Kizuizini mambo ni mepesi zaidi, mradi askari asiwe na pupa. Bunduki ya upepo haina chumba cha ganda la risasi, na aghalabu ina saa ndogo ya kipimo cha hewa karibu na mkono wa mbele au chini ya mtutu. Asidhani kwamba kwa kuiona saa hiyo amesalimika: mtungi ukiwa umejaa na punje imo, bunduki i tayari kama AK iliyokokiwa, na zipo zilizotengenezwa kwa makusudi zifanane na bunduki za vita hata mwenye kuijua AK kwa miaka ishirini akadanganyika kwa hatua kumi. Basi kanuni ni ileile: mwenye nayo asimamishwe, aiweke chini mdomo ukielekezwa pasipo na watu, arudi nyuma, ndipo maswali yaanze. Na mwananchi naye aambiwe mapema, katika mikutano ya vijiji ya Ibanda, Bwera na kwingineko, kwamba chombo hicho kikibebwa kibebwe ndani ya mfuko uliofungwa, bila punje, mchana, pamoja na karatasi zake. Mtu aliyeuawa kwa kudhaniwa mwasi hafufuki kwa kuonekana baadaye kwamba alichoshika kilikuwa cha kupigia ngedere. Wala askari aliyempiga halali usingizi mwema.

Nguvu za usalama zenyewe zinaweza kufaidika. Mchezo wa kulenga shabaha kwa bunduki ya upepo kwa umbali wa mita 10 umo katika Olimpiki tangu michezo ya Los Angeles ya mwaka 1984, na kiini cha shabaha yake, alama ya kumi, ni nukta ya nusu milimita. Huko Uingereza vijana wa kadeti huanza mafunzo ya kulenga kwa bunduki za hewa. Sababu ni ya kihasibu kama ilivyo ya kimichezo: punje mia tano hugharimu kidogo kuliko risasi chache za vita, banda la mita 10 linajengwa ndani ya ukumbi wa kambi, na mwanafunzi hujifunza kupumua, kutulia na kuvuta kifyatuo taratibu bila kuogopa mlio na msukumo. Kuruta aliyezoea kufumba macho kabla ya mlipuo huacha tabia hiyo katika wiki chache. Kambi au chuo cha polisi kikitaka kufanya hivyo kiziandikishe bunduki hizo katika daftari la ghala kama silaha nyingine, kwa namba zake. Isiwe kila ofisa ana ya kwake nyumbani kwa kisingizio cha mazoezi.

Jambo la mwisho ni la watunza ghala wa vituo. Bunduki ya upepo iliyokamatwa haihifadhiwi kama bunduki ya kawaida. Kutoa punje peke yake hakutoshi, kwa maana mtungi ungali na nguvu iliyofungiwa ndani na huweza kukaa nayo kwa miezi. Kesi ikichukua mwaka, na ghala likiwa la mabati katika joto la Kasese, mtungi huo uko pale juu ya rafu pamoja na vidhibiti vingine, ukipanda na kushuka kila mchana na usiku. Kwanza kipimo cha hewa kisomwe na kuandikwa katika hati ya kidhibiti, ili mahakama ijue ilikamatwa ikiwa imejazwa kiasi gani. Kisha mjuzi aitoe hewa polepole kwa skrubu yake maalumu, mbele ya shahidi, mitungi ya akiba ifanyiwe hivyo hivyo, na tarehe ya kupimwa kwa mtungi, ambayo kwa kawaida hugongwa shingoni mwake, inakiliwe katika hati hiyohiyo.